Kabichi Bado Hazijafika

Uongo wenyewe haukupangwa. Ulimtoka Myeong-suk kama mtu anavyopiga chafya, asubuhi ile mama mkwe wake alipokuwa ameng'ang'ania nguzo ya mlango na hakuna aliyeweza kumbandua.

Walishajaribu njia nyingine. Walimwambia wanampeleka kwa daktari, akasema kama daktari anamtaka aje mwenyewe. Walimwambia wanakwenda kuoga kwenye chemchemi ya maji moto, akasema ameshaoga, na kweli nywele zilikuwa zikichuruzika, maana alikuwa amejimwagia maji ya kuoshea mchele. Sang-geun, mwanawe na mume wa Myeong-suk, alikuwa ameshakimbilia garini. Aliketi nyuma ya usukani akitazama mbele kama dereva wa waziri. Wanaume wa ukoo ule ni hodari wa kubeba magunia, lakini neno zito huwaachia wake zao walibebe.

"Mama," Myeong-suk alisema, "tumechelewa. Leo ni kimjang. Watu wanatungoja sisi."

Mkono wa bibi kizee ukaachia nguzo.

"Kimjang ya nani?"

"Ya... ya binamu yake Sang-geun, kule ng'ambo ya kilima. Hawana mikono. Wamesema bila wewe hawaanzi."

"Mjinga we!" Bibi Jeom-rye alifoka, na uso uliokuwa umekunjamana kwa hofu ukakunjuka wote. "Jambo kama hilo ndiyo unalisema sasa? Kabichi zimeshatiwa chumvi? Nani kazitia? Usiniambie ni wale wake zao wa mjini!"

Huko kwao mwanamke hakatai kuitwa kimjang. Baridi ikikaribia, kila ukoo husindika kabichi kwa chumvi na pilipili, ziwe kimchi ya kulia mpaka theluji iyeyuke, mlima mzima kwa siku moja, na nyumba isiyo na mikono huazima mikono ya jirani. Unaweza kuwa na mafua, unaweza kuwa umenuniana na mwenye nyumba tangu mwaka juzi, ukiitwa, unakwenda. Utanunia huko huko, beseni likiwa mbele yako. Na kazi ikiisha unapewa fungu lako, unarudi kwako.

Basi Bibi Jeom-rye, ambaye juma lile alimwita mjukuu wake Dan-bi "wewe mgeni", aliingia jikoni moja kwa moja akatoka na glavu zake za mpira, aproni na kisu, vyote vimefungwa katika kitambaa. Akaingia garini mwenyewe, wala hakushikwa mkono.

"Endesha," alimwambia mwanawe. "Kabichi hazimngoji mtu."

Sang-geun aliendesha. Machozi yalimtoka njia nzima, naye hakuthubutu kuyafuta asije mama akaona.

Yaliyowafikisha hapo yalikuwa ya kawaida kwa nyumba yenye mzee aliyepotewa na kumbukumbu. Sufuria iliungua hadi ikatoboka. Mlango ulikutwa wazi alfajiri. Mwisho jirani alimtoa bibi kwenye mfereji wa shamba la mpunga, mguu mmoja hauna kiatu, akisema anamtafuta mumewe, naye mumewe amezikwa zamani. Myeong-suk alikuwa mpishi wa shule na Sang-geun alikuwa fundi wa mashine za kilimo; hakuna aliyeweza kushinda nyumbani. Maji yalikuwa yamezidi unga. Alichoomba Myeong-suk kilikuwa kimoja tu: mama akae mahali salama, na asijue kwamba ameachwa.

Makao yale ya wazee yaliitwa Hyosim, yaani moyo wa mtoto anayemtunza mzazi. Aliyeyapa jina hilo ama hakuwa na haya ama alikuwa mtu wa mizaha. Mlango ulifunguliwa kwa kubonyeza tarakimu za siri, na ulipojifunga nyuma yao ulitoa mlio mwembamba. Aliyeshtuka ni Myeong-suk. Mama mkwe wake alikuwa ameshatangulia kutafuta jiko.

Bibi Tak, msimamizi, aliwapokea ukumbini. Myeong-suk alimvuta kando akamnong'oneza uongo aliousema, huku masikio yakimwaka moto. Alitarajia kukemewa. Bibi Tak alicheka hadi akajishika kiuno.

"Kimjang! Dada yangu, huo ni uongo mtamu. Wengine wanawaambia wazee wao wamekuja hotelini, basi mzee anashinda kunigombeza kuhusu mito na taulo. Wako amekuja kazini. Mtu wa kazi hasumbui."

Wakati huo Bibi Jeom-rye alikuwa amesimama mbele ya vikongwe waliopangwa kuitazama televisheni, akiwakagua mmoja mmoja.

"Hawa ndio wasaidizi?" alimuuliza mkamwana wake kwa sauti iliyofika hadi jikoni. "Huyu mikono yake kama vijiti vya kulia. Yule kalala kabisa. Kabichi ziko wapi?"

"Bado hazijafika, mama. Lori limechelewa."

"La kutoka mashamba ya Haenam?"

"La Haenam."

"Nilijua! Madereva wa Haenam wanasimama kila penye pombe." Akavua koti, akafunga aproni, akaketi sakafuni na kisu mapajani. Mhudumu mmoja alikichukua kile kisu kwa adabu, akisema anakwenda kukinoa. Uongo ulikuwa umeshaanza kuzaa watoto.

Walipoaga, bibi aliuliza wanakwenda wapi. Kabla Myeong-suk hajajibu, mumewe, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu asubuhi, akasema, "Tunakwenda kulihimiza lori, mama."

"Nendeni. Na wewe," akamgeukia Myeong-suk, "usiwalaze watoto na njaa. Msiningoje. Kazi ikiisha nitakuja."

Gari likavuka daraja.

"Amesema atakuja," Sang-geun alisema.

"Nimesikia."

"Kazi ikiisha."

"Nimesikia, Baba Dan-bi! Tazama barabara."

Bibi Tak alikuwa amewaomba wasifike kwanza, mzee apate kuzoea. Siku hizo Myeong-suk aliziona ndefu. Kazini alichota mchuzi akaumwaga nje ya bakuli. Sokoni mwuza samaki, mwanamke aliyemfahamu tangu alipoolewa, alimfungia makrili wake na kumwambia huku akitabasamu, "Siku hizi unanunua mmoja tu. Nyumba imekuwa na nafasi, eeh?" Wanunuzi wengine wakajifanya wanachagua kombe. Myeong-suk akachukua samaki wake, akasema asante. Hata leo hajui kwa nini alisema asante.

Kisha wifi yake, Sang-ran, dada mkubwa wa mumewe, anayekaa Busan, akampigia simu. Wifi huyu alimpenda sana mama yake, na alimpenda zaidi akiwa mbali naye.

"Wifi, kumbe mama mmemtupa, na mimi nasikia kwa watu?"

"Tulikuambia, wifi. Ulisema tufanye tunaloona jema."

"Nilisema jema! Kumdanganya mama yangu eti kuna kabichi, hilo ndilo jema? Mama aliyetupikia sote, leo anakalishwa sakafuni akingoja lori lisilokuwepo. Watu wakisikia!"

Myeong-suk alikuwa na majibu mengi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye alikilalia kitanda kile miaka yote, akafua mashuka yake kila asubuhi. Lakini wifi mkubwa hajibiwi. Alimeza, akasema, "Samahani, wifi."

Jambo la ajabu ni kwamba kule Hyosim mambo yalikwenda vizuri. Mhudumu alipiga simu akicheka. Bibi anakula vizuri, alisema, maana hakuna anayefanya kimjang na tumbo tupu. Analala mapema, maana kesho kuna kazi. Hajagusa mlango hata mara moja. Kila asubuhi anafunga aproni, anakaa dirishani kulitazamia lori, na sasa ameanza kuwapanga wenzake: huyu ataosha, huyu atamenya vitunguu saumu, huyu hafai kitu, atachungulia barabara.

Myeong-suk alikata simu akakaa kwenye ngazi ya nyuma ya jiko la shule, akacheka peke yake, kisha akalia.

Walipokwenda kumtazama mara ya kwanza, bibi aliwapokea kama wajumbe.

"Limefika?"

"Bado, mama."

"Jalidi itaanguka, kabichi zitaganda shambani." Alimvuta Myeong-suk sikio karibu. "Huyu wa kitanda cha pili anasema alikuwa mke wa mwalimu mkuu. Hajui hata kukata figili. Fungu lake liwe dogo."

Yule mke wa mwalimu mkuu, mwanamke mwembamba mwenye mvi mbili tatu kichwani, alisikia kila neno. "Mimi nilikuwa na mtumishi," alisema kwa hadhi. "Lakini lori likija mniamshe."

"Baba yenu kala?" bibi aliuliza.

Sang-geun akageukia ukuta. Myeong-suk ndiye aliyejibu. "Kala, mama. Kaongeza na bakuli la pili."

"Basi vizuri." Akamtazama mkamwana wake kwa muda. "Umekonda. Kazi hii ikiisha nitakupikia supu."

Kurudi nyumbani siku ile Myeong-suk aliona kifua chake kimekuwa chepesi kidogo. Mama alikuwa salama, na hakujua. Angekaa vile vile akingoja, na mtu anayengoja kazi si mtu aliyeachwa. Ndivyo alivyojipa moyo, na wala hakukosea sana.

Ila njia ya mwongo ni fupi, na safari hii aliyeikata hakuwa mwongo mwenyewe. Alikuwa wifi Sang-ran, aliyekuja kutoka Busan amevaa koti zuri, akamkuta mama yake dirishani, akatoka nje analia kwa hasira.

"Aibu!" aliwaambia Sang-geun na mkewe pale maegeshoni. "Mama yangu kageuzwa mchezo. Kila siku kabichi, kabichi, na ninyi mnasema bado, bado. Kwani kabichi zimekuwa dhahabu? Nitazinunua mimi. Nitaziagiza Haenam hiyo hiyo, zije zimeshatiwa chumvi na kuoshwa, na mama atafanya kimjang yake kama mtu."

"Wazo zuri!" alisema Bibi Tak, aliyekuwa amefuata kuwatuliza. "Na wazee wote watachangamka. Tutapiga picha."

"Wifi," Myeong-suk alisema polepole, "mimi ningeomba tumwache angoje."

"Kwa nini?"

Alijua kwa nini, lakini neno halikukaa sawa mdomoni. "Kwa sababu... zikifika, zitakwisha."

Sang-ran alimtazama juu hadi chini. "Sema tu unaogopa kazi ya kuwapikia watu. Usiogope. Nitavaa glavu mimi mwenyewe."

Sang-geun aliyatazama matairi ya gari. Myeong-suk alimngoja aseme neno, hata moja. "Dada ana nia njema," alisema hatimaye, na mambo yakawa yameamuliwa.

Lori lilikuja siku ya jua kali na baridi. Lilikuwa gari dogo tu la mizigo, lakini Bibi Jeom-rye alilipigia kelele tangu likiwa getini.

"Limekuja! Amkeni! Mwamsheni mke wa mwalimu!"

Mifuko ilishushwa ukumbini, mashuka ya plastiki yakatandikwa, mabeseni mekundu yakapangwa. Na hapo kila aliyekuwepo akaona jambo ambalo hatalisahau. Yule mwanamke ambaye asubuhi alivalishwa soksi na mtu mwingine alikaa mbele ya beseni kubwa, akavuta glavu hadi viwikoni, akaanza kuamrisha. Unga wa pilipili huku. Figili zikatwe nyembamba, hizo si kuni. Vitunguu saumu zaidi. Alichovya kidole, akaonja, akafumba macho.

"Uduvi kidogo mno. Nani kapima?"

"Mimi, mama," alisema Sang-ran.

"Busan wanakula bila chumvi? Lete mtungi." Akamimina uduvi wa chumvi kwa mkono wake, hakupima kwa kitu chochote, akachanganya, akaonja, akamimina kidogo tena. Kisha akachukua kabichi, akafunua jani baada ya jani, akapaka kila jani mpaka kitakoni, akaikunja ikawa kama mtoto aliyefungwa nguo. Ya pili. Ya tatu. Mikono haikusita mahali popote. Wale vikongwe wengine waliitazama, na mikono yao nayo ikaanza kukumbuka, hata mke wa mwalimu mkuu akamenya kitunguu saumu kimoja na kukionyesha kwa kila mtu.

Myeong-suk alifanya kazi kando yake kama alivyofanya kila mwaka tangu aolewe, akisubiri kugombezwa. Badala yake bibi alichana jani changa la moyo wa kabichi, akaliviringisha na mchanganyiko, akamlisha mdomoni kwa mkono wake mwenyewe.

"Kula, mwanangu. Umeamka mapema."

Hakuwahi kumwita mwanangu. Myeong-suk alitafuna machozi yakimtiririka, akasingizia pilipili. Yeye alikuwa mpishi, alijua ladha, na kweli ya Mungu hajawahi kuonja kimchi iliyokaa sawa kama ile. Haikupungua kitu wala haikuzidi.

"Mmeona?" Sang-ran alikuwa akiwaambia wote, mashavu yamemwiva kwa furaha, simu mkononi akipiga picha. "Mmeona mama yangu? Na wengine walisema tumwache angoje!"

Sang-geun alichemsha nyama ya nguruwe kama desturi, wakaila ikiwa moto pamoja na kimchi mbichi, wazee wakilishana na kucheka. Bibi Tak alisema tangu afungue makao yale hajaona siku kama hiyo. Kwa saa hizo chache ukumbi ule ulikuwa nyumba ya watu.

Kisha kabichi ya mwisho ikaingia mtungini.

Bibi Jeom-rye aliosha mabeseni. Aliwazuia wahudumu wasimsaidie. Alipindua glavu zake ndani nje, akazianika, akazingoja zikauke kidogo, akazifunga pamoja na aproni ndani ya kitambaa chake. Akauliza fungu lake liko wapi. Wakamtilia kabichi mbili katika kopo. Akapita kwa kila kikongwe akainama kidogo kwa shukrani, akasema, "Umetaabika. Umetaabika." Kwa mke wa mwalimu mkuu akaongeza, "Mwaka ujao utakuwa umejifunza." Akaja mlangoni, akaketi kwenye kizingiti cha kuvulia viatu, akavaa viatu vyake, cha kulia mguu wa kulia, cha kushoto mguu wa kushoto, hakukosea.

"Haya," alisema, kopo mapajani. "Kazi imekwisha. Twendeni nyumbani, baba yenu yuko peke yake."

Bibi Tak alimtazama mhudumu. Sang-ran simu ilimshuka mkononi, alisema, "Mama, mimi... mimi nina treni," akampita kwa haraka, akabonyeza tarakimu, akatoka bila kufunga koti. Sang-geun alisema anakwenda kupasha gari moto. Mlango ukajifunga nyuma yao na mlio wake mwembamba. Wakabaki bibi na mkamwana wake, na nyuma yao wazee walioanza kusinzia.

"Mbona wametuacha?" bibi aliuliza. "Simama, tuwakimbilie."

"Mama, ngoja kidogo."

"Ningoje nini? Kabichi zimekwisha. Nimezipanga mwenyewe."

Myeong-suk alipiga magoti mbele yake. Alitafuta kichwani uongo mwingine. Lori jingine? Bibi alikuwa ameona mtungi umejaa, na katika jambo hili moja hadanganyiki. Theluji njiani? Jua lilikuwa linaingia mpaka sakafuni. Alimshika bibi mikono yote miwili, ingali inanuka pilipili na saumu.

Bibi Jeom-rye alimtazama. Aliutazama mlango uliofungwa, akautazama ukumbi, akawatazama wahudumu waliokuwa wakikwepa macho yake. Pole pole ile furaha ikamtoka usoni, na ile hofu ya asubuhi ya nguzo ikaanza kuingia mahali pake. Sasa angejua. Myeong-suk aliona kabisa, ilibaki pumzi moja tu, na mama angejua.

"Mkwe," bibi alisema kwa sauti ndogo. "Kwani nimekosea kitu? Ni chumvi?"

Chumvi ilikuwa sawa. Watu wote wa nyumba ile walikuwa wamelamba vidole. Mwanamke huyu alikuwa amepoteza mume, shamba, njia ya nyumbani na majina ya wanawe, na kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki naye kizima, nacho kilikuwa ndani ya kopo pale mapajani.

"Ndiyo, mama," alisema Myeong-suk. "Imezidi."

"Imezidi?"

"Imezidi sana. Haiwezi kuliwa. Itabidi... tuanze upya, zikija nyingine."

Bibi hakufoka. Laiti angefoka. Aliinamisha kichwa kama msichana aliyeletwa ukweni jana, akaliweka kopo sakafuni, akalisukuma mbali naye. Kisha akainama, akavua kiatu cha kulia, akavua cha kushoto, akavipanga pembeni.

"Nitakaa mpaka nipatie," alisema. Akamshika mkamwana wake ukosi, akamvuta karibu, akanong'ona asisikiwe na mke wa mwalimu mkuu. "Usiwaambie watu kijijini."

"Sitamwambia mtu, mama," alisema Myeong-suk.